Jana ilikuwa nzima, leo haiamki: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu keneli mpya na laptopu zenu

Mi nina meza ya ufundi hapa Ngamiani, Tanga. Laptopu za mtumba naziondoa Windows nawawekea watu Linux, maana mashine yenye ramu ya gigabaiti 4 ukiilazimisha Windows mpya unaitesa bure. Shida inakuja mtu akishapata bando: usiku anaapdeti kila kitu, asubuhi yuko mlangoni laptopu kwapani, "fundi, jana ilikuwa nzima." Nimechoka kurudia maneno yaleyale kwahiyo nimeyaandika. Mengine mmeuliza nyie wateja, mengine wameuliza vijana wanaojifunza hapa mezani, na ukiona jibu refu ujue hapo ndo paliponiumiza kichwa mwenyewe.

Fundi, nikifunika inalala vizuri, nikifunua feni inazunguka lakini kioo cheusi. Imekufa?

Haijakufa. Kama jana ilikuwa inalala na kuamka, haikudondoka, haikumwagikiwa chai, na kitu pekee kilichobadilika ni keneli (kile kiini cha Linux kinachoongea na vifaa vya mashine), basi hiyo inaitwa rigresheni: kitu kilichokuwa kinafanya kazi kimeharibiwa na toleo jipya. Nawaomba mshike hii tofauti maana ndo msingi wa mengine yote. Mashine ambayo tangu siku ya kwanza haijawahi kulala kwenye Linux, hiyo ni kazi nyingine na inaweza ikachukua miaka. Ila iliyokuwa inalala ikaacha, hiyo ina mwenyewe, kuna badiliko fulani limefanya hivyo na linaweza likapatikana.

Na wenye keneli wanalichukulia kwa uzito. Linus Torvalds aliyeanzisha Linux mwaka 1991 ana kanuni anaisimamia kwa ukali miaka yote, kwamba keneli mpya haitakiwi kumharibia mtumiaji kitu alichokuwa nacho, hata kama kilikuwa kinafanya kazi kwa bahati tu. Kwahiyo ile "jana ilikuwa nzima" mnayoisema kwa unyonge pale mlangoni, kwao ni ushahidi kabisa.

Huyo "mkalimani" unayemtaja kila siku ni nani?

Keneli yenyewe haijui laptopu yako imeundwaje. Haijui feni inawashwa kwa waya upi, betri inaulizwa wapi, ukifunika kifuniko nani apewe taarifa. Kila kampuni inaunganisha kivyake. Zamani mengi ya hayo bayosi ilikuwa inayashughulikia yenyewe, mpaka Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa utaratibu unaoitwa ACPI, na tangu 2013 unasimamiwa na UEFI Forum. Utaratibu wenyewe unasema hivi: kampuni iliyotengeneza mashine iandike vijiprogramu vya kufanya hizo kazi, ivifiche ndani ya fimwea (programu iliyochomwa kwenye chipu ya mashine, wengi mnaiita bayosi) kwenye majedwali, jedwali kubwa linaitwa DSDT na mengine madogo SSDT. Vijiprogramu hivyo vimeandikwa kwa lugha inaitwa AML ambayo prosesa haiielewi hata herufi moja. Ndo anahitajika mkalimani, akae ndani ya keneli, asome AML mstari kwa mstari na kutekeleza.

Mkalimani wa Linux anaitwa ACPICA, umeandikwa na Intel, na huohuo msimbo unatumika kwenye mfumo mwingine unaoitwa FreeBSD na kwingineko. Kwenye msimbo wa keneli utaukuta folda ya drivers/acpi/acpica. Vesheni yake ni tarehe, mfano 20230628, ukiandika dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za keneli, ukatafuta "Core revision" utaona yako ya lini. Hiyo namba iandikeni, huwa naiulizia.

Majina ya vijiprogramu yanaanza na mstari wa chini na yamekaa kama namba za magari: _PTS inaitwa kabla ya kulala, _WAK ikiamka, _BST inaulizia betri ina chaji kiasi gani, _LID inasema kifuniko kiko wazi au kimefungwa, _TMP joto. Ukilala na kuamka mara moja tu mkalimani keshasoma kurasa na kurasa.

Mbona Windows haina hizi tabu?

Kwa sababu fimwea ilijaribiwa na Windows. Mtu wa kiwandani anaandika AML yake, anawasha Windows, inalala, inaamka, anafunga kazi anaenda nyumbani. Alichoandika kinaweza kikawa kinyume na kitabu cha ACPI na yeye asijue mpaka leo, maana mkalimani wa Microsoft ana tabia zake na kilipita.

Nawapa mfano mmoja ninaoupenda. Kwenye AML kijiprogramu kinachotakiwa kurudisha jibu lazima kiseme wazi kabisa "rudisha hiki". Sasa kuna waandishi walisahau. Wamefanya hesabu, jibu lipo pale mstari wa mwisho, neno la kurudisha hawakuliandika. Kwa kitabu hapo hamna jibu. Ila mkalimani wa Microsoft alikuwa anachukua tu kile kilichopatikana mwisho anakirudisha, kwahiyo mashine zikafanya kazi, zikauzwa, zikafika mpaka Tanga. ACPICA ikabidi ijifunze hiyo tabia kwa nguvu. Ukitaka kuona ubaya wake ongeza acpi=strict kwenye mstari wa kuwashia keneli, inaacha huo upole inafuata kitabu, na kwenye baadhi ya mashine za zamani unaweza ukaona vitu vinapotea kimoja kimoja.

Lingine ni namba. Jedwali la DSDT likiandikwa toleo la 1, namba zake zote zinahesabiwa kwa biti 32, likiwa la 2 kwenda juu ni biti 64. Tarakimu moja pale kichwani mwa jedwali inabadilisha hesabu yote ya ndani, we fikiria mtu akikosea hapo. Afu angalia dmesg kwenye mstari wa DSDT, pale mwishoni kuna herufi nne, INTL au MSFT, ndo kikompaila kilichotumika kutengeneza jedwali. Nikiona MSFT huwa navuta kiti kabisa, kile kikompaila kina huruma sana na makosa.

Sasa kama kosa ni la fimwea, kwa nini keneli ndo irekebishwe?

Hili vijana wanabishana nalo hapa mpaka kahawa inapoa. Kuna mmoja msomi kweli, anasema kitabu ni kitabu, aliyekosea arekebishe. Sawa, ila laptopu ya mwaka 2014 nani atakuandikia fimwea mpya leo? Hamna. Ile AML imeshachomwa kwenye chipu na ndo hiyo mpaka laptopu inakwenda kuuzwa spea. Upande pekee unaoweza kusogea ni wa mkalimani.

Na mi nakwambia rigresheni nyingi ngumu za hapa hazikuletwa na uzembe. Zililetwa na mtu mwenye nia nzuri aliyeona mkalimani anafanya jambo kinyume na kitabu akanyoosha. Pachi yake (yani badiliko la msimbo analolipeleka) ni safi, maelezo mazuri, mashine yake imepita. Hakujua kwamba kuna mashine huko nje zilikuwa zimesimama juu ya kile kipande kilichopinda. Mfano AML inayokaa nje ya vijiprogramu, ipo tu kwenye mwili wa jedwali, "kama hiki kipo basi unda kile." ACPICA kwa miaka ilikuwa inaiweka kiporo mpaka jedwali lote lipakiwe ndo inaisoma, wakati Windows inaisoma hapohapo inapokutana nayo. Kubadilisha ifanane na Windows ilikuwa sahihi kabisa, hamna anayebisha, na bado walibadilisha, wakarudisha, wakajaribu tena, waja leo waondoka leo kama tunavyosema kwetu, kwa sababu kila wakigusa kuna mashine inalia.

Kwahiyo kwangu mi kitabu halisi ni mashine zilizopo mezani. Kile kilichochapishwa ni mwongozo.

dmesg yangu imejaa mistari myekundu ya ACPI BIOS Error, AE_NOT_FOUND. Nimekwisha?

Hapana. Mara nyingi ni jedwali linataja kifaa ambacho kwenye modeli yako hakikuwekwa, mkalimani anakilalamikia na maisha yanaendelea. Linganisha na keneli ya zamani: kama mistari ilikuwepo na mambo yalikuwa sawa, achana nayo. Mstari mpya ndo wa kunionyesha.

Nianze na nini kabla sijaja kwako?

Usifute keneli ya zamani. Naomba nirudie kwa sauti, USIFUTE KENELI YA ZAMANI, kuna mtu kamaliza kuapdeti akaona "futa visivyotumika" akabonyeza kwa furaha zote. Wakati wa kuwasha shikilia Shift au gonga Esc mpaka GRUB, menyu ya kuchagua cha kuwasha, itokee, ingia kwenye chaguo za ziada, chagua keneli ya chini yake. Ikifanya kazi basi umeshanusuru siku yako na umeshanipa nusu ya jibu.

Halafu chukua kumbukumbu za pande zote mbili, washa nzima hifadhi dmesg kwenye faili, washa mbovu hifadhi nyingine. Huku Januari na Februari joto na unyevu wa baharini linapika kila kitu, kwahiyo hakikisha pia si feni tu imejaa vumbi. Nshaletewa "rigresheni" ikawa manyoya ya paka.

Kuna mtu kaniambia niweke acpi=off, ikawaka. Niiache hivyo?

Usiiache. Hapo umemfukuza mkalimani nyumbani. Imewaka, ndio, lakini haijui betri, hailali, feni inaweza ikakaa kasi moja, na mashine nyingine zinashindwa hata kuona koa (core) zote za prosesa. Ni kipimo cha dakika tano: ikiwaka kwa acpi=off na haiwaki bila hiyo, tunajua pa kutafuta. Basi, itoe.

Na hii acpi_osi?

Hii ina hadithi. AML inaweza kumuuliza keneli "we ni Windows ya mwaka gani?" kwa majina kama "Windows 2009" ambayo ndo Windows 7, "Windows 2012" ndo 8, "Windows 2015" ndo 10. Linux inajibu ndio kwa hizo zote! Si uongo wa bure, ikisema hapana inapelekwa njia ambayo kiwandani hamna aliyeijaribu. Akiulizwa kama yeye ni "Linux" anakataa, tangu keneli ya 2.6.23 huko, kwa sababu waandishi wa fimwea waliotumia lile swali wengi waliweka mle mambo ya kuharibu.

Sasa siku Linux inapoongeza jina jipya la Windows kwenye orodha, mashine yako inaweza ikageuka njia usiku mmoja bila mtu kugusa chochote kingine. Ukiweka acpi_osi="!Windows 2012" unamwambia akane hilo jina moja. Ikipona umepata dalili kubwa sana, ila dawa kamili bado, maana umeirudisha mashine nzima nyuma kwa ajili ya kitu kimoja.

Nitajuaje kama kosa ni la mkalimani au ni draiva ya kioo tu?

Swali la dogo mmoja wa hapa, na ni zuri. Keneli ina kipimo cha kulala kwa hatua, faili la /sys/power/pm_test. Unaandika "devices" mle ndani afu unaamuru ilale: inavilaza vifaa vyote, inasubiri sekunde 5, inarudi yenyewe bila kulala kweli. Ikishindwa hapo ni draiva, nenda kahangaike na kioo au waifai. Ikipita, andika "platform", hapo inaongeza na vile vijiprogramu vya fimwea. "devices" imepita na "platform" imegoma? Mkalimani akae kitako ajieleze. Ukimaliza rudisha "none", wengi wanasahau afu wanasema laptopu sasa ina wazimu inalala sekunde tano.

Angalia na /sys/power/mem_sleep. Ukikuta mabano yamezunguka deep inalala ule usingizi wa zamani, fimwea inashika usukani. Ukikuta s2idle inasinzia tu, keneli ndo inabaki macho. Kuna wateja "rigresheni" yao ni kwamba mabano yamehama kutoka huku kwenda kule, basi.

Dalili moja ya bure: ikiamka lakini inachukua kama nusu dakika kamili, chungulia logi kama kuna AE_AML_LOOP_TIMEOUT. AML imeingia kwenye mzunguko inasubiri kifaa kijibu, kifaa hakijibu, na mkalimani ana uvumilivu wa sekunde 30 tu kisha anakata. Zamani alikuwa anahesabu mizunguko badala ya muda, ndo maana prosesa yenye kasi ilikuwa inamaliza hesabu kabla kifaa hakijapumua.

Kujaribu usifunike na kufunua kwa mkono mara hamsini, bawaba za laptopu za mtumba ni za kuombea. Tumia rtcwake -m mem -s 20, inalala na kujiamsha baada ya sekunde 20. Kuna na pm_trace inayoandika ilipokwama ndani ya saa ya mashine, inasaidia kweli, ila inavuruga tarehe. Mwambie mwenye laptopu kabla, mi sikumwambia mmoja akafikiri nimemuuzia betri ya saa mbovu.

Betri haionekani kabisa kwenye keneli mpya, lakini chaja inachaji. Inawezekanaje?

Hii niwaeleze yote maana ilinila siku tatu. Mwalimu mmoja wa Makorora alileta laptopu, "mwanangu, hii inazima ghafla bila kuniambia kitu." Kweli, pale juu alama ya betri hamna. Keneli ya zamani betri ipo asilimia 71, keneli mpya hamna betri, na logi safi, hamna hata mstari mmoja wa kosa. Kosa lenye kelele nalipenda. La kimya ndo linakunyima usingizi.

Nikachukua majedwali: acpidump -b, kisha iasl -e ssdt*.dat -d dsdt.dat, inakupa AML kwa umbo linalosomeka. Nikatafuta kijiprogramu cha betri kinachosema hali yake, _STA. Kilikuwa kifupi, kinaangalia bendera moja, tuiite ECOK. Bendera ikiwa 1 anarudisha 0x1F, yani kifaa kipo na betri imechomekwa. Ikiwa 0 anarudisha 0x0F, yani sehemu ya betri ipo, betri yenyewe hamna. Biti moja tu ndo tofauti.

Nani anaipandisha hiyo bendera? Kijiprogramu kingine, _REG. Ndani ya laptopu kuna kichipu kidogo kinachoshughulika na betri, feni na kibodi, wanakiita EC. Keneli ikiwa tayari kuongea na EC inatakiwa iite _REG na namba mbili: 3, maana yake "naongelea EC", na 1, maana yake "niko tayari". _REG anapokea, anaweka ECOK kuwa 1, ndo betri inaruhusiwa kusema. Ni kama hodi. Usipobisha hodi mwenyeji anakaa kimya, na ukimya si kosa, kwahiyo hamna kitu cha kuandika kwenye logi.

Keneli mpya ilikuwa haibishi hodi kwenye ule mlango. Kuna badiliko limefanywa kuhusu ni lini na kwenye tawi lipi mkalimani aite _REG, na kwenye mashine ya mwalimu _REG ilikuwa imekaa mahali pasipo pa kawaida, ikarukwa. Kumpata aliyeleta badiliko hilo nikatumia bisekti.

Bisekti ni nini na inachukua muda gani?

Una toleo zima na toleo bovu, katikati kuna mabadiliko zaidi ya elfu 10, maana kila wiki 9 au 10 hivi linatoka toleo jipya la keneli na kila moja lina kiasi hicho. Hayasomeki. Unachofanya unaenda katikati, unakompaili (unaugeuza msimbo kuwa keneli ya kuwasha), unawasha, unajaribu. Zima? Kosa liko nusu ya mbele. Bovu? Liko nusu ya nyuma. Gawanya tena. Hatua 13 au 14 umemkamata. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, inakuhesabia yote kwa git bisect.

Kwangu keneli moja inachukua kama dakika 25 kwenye deskitopu ya dukani, baada ya make localmodconfig inayopunguza vitu usivyovitumia. Bila hiyo utakaa mpaka adhana ya alfajiri. Secure Boot, ule ulinzi wa kuwasha vyenye sahihi tu, zima kwanza, keneli yako haina sahihi ya mtu haitakubaliwa.

Sasa kosa langu. Hatua ya nane umeme ukakatika, nje giza, na laptopu ya mwalimu ikaendelea kwa betri na kwa kuwa betri haionekani haikunionya, ikazima ghafla kama alivyosema mwenyewe. Umeme ukarudi, nikawasha, nikaona betri ipo, nikaandika "good" nikaendelea kwa raha. Kumbe GRUB ilikuwa imenipeleka kwenye keneli ya zamani ya kawaida, wala si ile niliyokompaili. Hatua sita zilizofuata zote zikaenda porini, mwisho Git ikanitajia kwa kujiamini kabisa komiti (badiliko moja lililorekodiwa) ya draiva ya kamera za tiivii. Nikacheka peke yangu saa nane usiku. Tangu hapo sijaandika good wala bad kabla ya kuandika uname -r, amri inayotaja keneli iliyowaka, na naweka CONFIG_LOCALVERSION_AUTO ili jina la keneli libebe namba ya komiti.

Kukatika umeme hakufuti bisekti, hali yake iko kwenye diski. Na ukikosea kama mi usianze upya: git bisect log weka kwenye faili, futa mstari wa uongo na yote baada yake, kisha git bisect replay. Ukiwa na uhakika ni mambo ya ACPI, anza na git bisect start -- drivers/acpi, hatua zinapungua sana. Ila uwe na uhakika kweli.

Nikishaikamata komiti nafanya nini?

Kwanza iondoe peke yake juu ya keneli mpya, git revert, uone kama mashine inapona. Isipopona hukuikamata.

Kisha tafuta kama kuna mtu kashaipeleka. Mi ya mwalimu nilikuta mtu wa mbali huko, laptopu tofauti kabisa, analalamikia betri ileile, na pachi imeshaandikwa inasubiri wajaribuji. Nikaijaribu, ikapona, nikasema imepona na modeli nikaitaja. Wiki chache ikaingia kwenye keneli za kudumu na mwalimu akaipata kwenye apdeti ya kawaida, hakujua hata kama kulikuwa na vita.

Ukiwa wa kwanza, iandike wewe: toleo zima, toleo bovu, komiti, dmesg mbili, na acpidump nzima. Hiyo ya mwisho muhimu kuliko maneno yako yote, kwa sababu msimamizi wa ACPI kwenye Linux, Rafael Wysocki, hana laptopu yako. Majedwali ndo yanamfanya aione. Pachi ikiandikwa inawekwa alama ya Fixes na namba ya komiti iliyoharibu, ili wanaotunza keneli za zamani wajue nani anaihitaji. Inaingia kwanza kwenye keneli kuu, ndo inashuka huko kwingine, hamna njia ya mkato.

Na ikiwa kosa liko ndani ya ACPICA yenyewe uwe na subira, marekebisho yanatakiwa yaingie kwa wenye ACPICA kisha yageuzwe kuwa mtindo wa Linux. Kule kitu kinaitwa AcpiEvaluateObject, huku acpi_evaluate_object. Mtu mmoja mavazi mawili.

Kwa nini wakati mwingine wanarudisha tu badala ya kutengeneza?

Kwa sababu toleo linakaribia kutoka. Wiki mbili za mwanzo mabadiliko yanaingia, baada ya hapo ni rc (toleo la majaribio) baada ya rc za kusafisha. Ukiripoti kwenye rc2 kuna muda wa kufikiri, kwenye rc7 wanaondoa kwanza watu wapumue. Njia nyingine ni kuandika "mashine ya modeli hii ifanyiwe hivi." Inaitwa kwiki, na siipendi sana. Inaponya mashine moja, halafu dada yake aliyetoka kiwanda kilekile na AML ileile ila jina tofauti anabaki mgonjwa na hana wa kumsemea. Kuna wakati hamna namna lakini.

Siwezi kuihariri DSDT mwenyewe nikamaliza?

Unaweza. Unarekebisha faili, unapandisha namba ya toleo la jedwali, unakompaili na iasl, unaipakia kwenye initrd (furushi la faili keneli inalosoma mwanzoni inapowaka) chini ya kernel/firmware/acpi. Secure Boot ikiwa imewashwa itakataa. Mi naitumia kuthibitisha wazo tu. Siku ukiapdeti bayosi, jedwali lako la zamani linaweza likaendelea kufunika lile jipya, na utakuja kulia hapa.

Hamna namna ya kujaribu bila kuristati mara mia?

Ipo, acpiexec. Ni mkalimani yuleyule ila anakimbia kama programu ya kawaida. Unampa majedwali uliyodondosha, unamwambia tekeleza _WAK, anakuonyesha anapita wapi. Nakompaili ya zamani na mpya, nawapa jedwali lilelile, nalinganisha majibu, chai mkononi. Haina EC wala vifaa vya kweli kwahiyo suala la mwalimu lisingeonekana vizuri, ila makosa ya hesabu na ya kurudisha majibu yanaonekana palepale.

Shikamoo fundi. Mi sitaki kujua yote hayo, nibaki na keneli ya zamani mpaka lini?

Marahaba. Mwezi, miwili si neno, lakini keneli isiyopata marekebisho ya usalama usiende nayo kwenye mambo ya pesa. Kama ni laptopu ya kazi niambie nikuwekee keneli ya kudumu inayotunzwa miaka, haiyumbi sana. Na kila apdeti mpya ya keneli ikija washa mara moja, funika, funua, angalia betri. Ikiwa bado, rudi kwenye ya zamani na nitumie uname -r ya zote mbili kabla hujapanda daladala, isije ukafika ukanikuta nipo Pongwe.